Mauaji ya Dallas: Yaliyomo Katika Picha na Yaliyomo Vinywani

Jioni moja, baada ya gwaride, tulikuwa tumeketi katika mesi. Askari kijana akatuletea gazeti kuukuu lenye picha iliyofifia, akaweka kidole juu ya doa jeupe na kusema, "Afande, polisi aliyemwua Rais Kennedy ndiye huyu. Hata beji yake inaonekana." Tuliitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Tuliona vivuli vya miti, tukaona ukuta, tukaona na doa lenyewe. Beji hatukuiona. Lakini wenzake watatu waliochungulia juu ya bega lake walikwisha kuiona, na polisi mmoja aliyekuwa akinywa chai mezani petu akanyamaza kimya.

Kimya kile ndicho kilichotufanya tushike kalamu. Maana mtu akitajwa kwa uuaji kwa sababu ya doa, hapana avaaye sare aliye salama.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Rais John F. Kennedy wa Marekani alipigwa risasi tarehe 22 Novemba, 1963, saa sita na nusu mchana, alipokuwa akipita katika gari la wazi mahali paitwapo Dealey Plaza, mjini Dallas. Katika ghorofa ya sita ya ghala la vitabu lililo karibu na hapo zilikutwa bunduki moja na maganda matatu ya risasi. Muda wa kama dakika 45 baadaye, polisi J. D. Tippit naye akauawa kwa bastola katika mtaa mwingine wa mji huo. Mchana uo huo alikamatwa Lee Harvey Oswald, mwenye umri wa miaka 24, aliyepata kuwa askari wa Marine. Siku mbili baadaye, akiwa mikononi mwa polisi na mbele ya kamera za televisheni, Oswald aliuawa na Jack Ruby. Hivyo kesi yake haikusikilizwa kamwe, na mahali pa kesi pakajaa maneno.

Picha aliyotuonyesha kijana wetu ilipigwa na Mary Moorman kwa kamera ya Polaroid, mara tu baada ya Rais kupigwa risasi ya kichwa. Miaka kama ishirini ilipita ndipo watu walipokikuza kipande kidogo sana cha picha hiyo, wakasema wanamwona mtu aliyevaa sare ya polisi nyuma ya ukuta. Wakampa na jina: Mtu wa Beji. Ndugu msomaji, kuikuza picha ni kama kuuvuta mpira: utaongezeka urefu, lakini mpira ni ule ule. Kamera isiponasa uso, kioo cha kukuzia hakiwezi kuuzaa. Macho ya mwanadamu ndiyo hujazia palipopungua, kama mlinzi wa usiku anavyokiona kisiki akadhani ni adui.

Iko na filamu ya Abraham Zapruder, mwenye kiwanda cha nguo aliyekuja kumtazama Rais na kamera yake ndogo. Filamu hiyo ina picha 486 na haifiki nusu dakika. Wachunguzi waliifanya saa yao: kwa kuwa kamera ilipiga picha 18 na kidogo kwa kila sekunde, waliweza kupima muda uliopita kati ya tukio na tukio, na kuulinganisha na muda wa kuvuta komeo la bunduki na kulenga tena. Huo ndio ushahidi wenye kufaa. Lakini filamu hiyo haikuonyeshwa katika televisheni ya kitaifa ya Marekani hadi mwaka 1975. Tena, Tume ya Jaji Mkuu Earl Warren ilipochapa picha zake, namba 314 na 315 zilibadilishana mahali. Wakuu wakasema ni kosa la mtambo wa chapa. Huenda ndivyo, hata hivyo, wasemao hila wakapata chakula cha miaka mingi.

Ya tatu ni picha ya Oswald akiwa uani, ameshika bunduki. Alipoonyeshwa, alisema kichwa ni chake lakini mwili si wake. Baadhi ya magazeti yaliyoichapa yaliipaka wino ili ionekane vizuri, kila moja kwa namna yake, na watu wakaona picha moja yenye sura mbalimbali. Mkewe alikiri kwamba yeye ndiye aliyeipiga. Wataalamu wa Kamati ya Bunge iliyofanya kazi kati ya 1976 na 1979 waliipima pamoja na kamera yenyewe, wasione dalili ya kughushi. Mwaka 2009 mtaalamu wa Chuo cha Dartmouth aliyapima upya mambo ya vivuli kwa kompyuta, akaona vivuli vile vyaweza kutokana na jua moja.

Je, basi kila mwenye shaka ni mpumbavu? La, hasha. Kamati hiyo hiyo ya Bunge ilisema mwaka 1979 kwamba huenda palikuwa na njama, ikitegemea ukanda wa sauti za redio ya polisi. Mwaka 1982 wanasayansi wakaukataa ushahidi huo. Tena wenye sare walikosea. Bunduki ilipopatikana, mlinzi mmoja wa sheria aliandika kwamba ni Mauser, kumbe ni Mannlicher-Carcano ya Kiitaliano, na jina la nchi ilikotengenezwa limechongwa juu ya chuma chake! Oswald alihojiwa kwa saa nyingi, wala hapakuwa na chombo cha kunasa sauti wala karani wa kuandika neno kwa neno. Barua aliyoiacha katika ofisi ya makachero kabla ya mauaji ilichanwa. Tume nayo ilionyeshwa michoro mahali pa picha za maiti, na mchoro mmoja uliweka jeraha mahali pasipo pake.

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, na kama halipo li nyuma laja. Katika jambo hili la Dallas tunaona jinsi lile lisilokuwapo linavyoitwa lije. Kila karatasi iliyochanwa na kila silaha iliyoandikwa jina lisilo lake ni mlango ulioachwa wazi.

Wapiganaji na walinzi wa usalama, somo letu ni hili. Ufikapo mahali pa tukio, soma kilichochongwa juu ya silaha kabla hujaitaja. Andika ulichokiona, si ulichokidhani. Picha ya asili iwekwe chini ya kufuli, na kila aliyeishika atie sahihi.

Tulimrudishia kijana gazeti lake, tukamwuliza: kama ungesimama kizimbani, ukala kiapo, na maisha ya mtu yakategemea neno lako, ungesema umeona nini? Akaitazama tena picha ile, safari hii kwa makini zaidi.

"Doa, Afande," akajibu.

Polisi yule akaomba chai nyingine.