Bomba limefika, kwato za punda zinarefuka

Tambarare ya wilaya ya Mwanga humsaidia punda kutunza miguu yake. Kuanzia Lembeni hadi Mgagao, kuanzia Kwakoa hadi Kirya, sehemu kubwa ya mwaka ardhi ni kavu na yenye changarawe, na punda anayefuata maji mbali kila siku hujisaga kwato mwenyewe bila kisu wala tupa. Ndiyo maana wafugaji wengi wanaamini punda hana haja ya kutunzwa miguu. Imani hiyo ilikuwa na msingi wakati kisima kilipokuwa mwendo wa nusu siku. Sasa mambo yanabadilika. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaotoa maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025, na kila kitongoji kinachopata bomba humpunguzia punda safari. Akina mama na watoto wamepata nafuu waliyoisubiri miaka mingi, na mgongo wa punda nao umepumzika. Ukwato wake, hata hivyo, unaendelea kuota kwa kasi ileile ya zamani.

Ukwato huota kutoka juu, pale nywele za mguu zinapoishia, ukishuka milimita 6 hadi 10 kila mwezi. Sehemu ya mbele huchukua karibu mwaka mzima kufika ardhini. Kwa hiyo anayejua kuusoma anaweza kuona humo habari za miezi iliyopita: mikunjo inayouzunguka mara nyingi huonyesha wakati wa njaa, homa, au mabadiliko ya ghafla ya malisho. Usiposagika, ncha hurefuka na kujikunja, mnyama huanza kukanyagia visigino, kano za nyuma ya mguu huvutika, na kila hatua humuumiza. Punda hulia kwa furaha au kwa kumwita mwenzake. Maumivu huyavumilia kimya. Ukisubiri achechemee ndipo umtazame miguu, umechelewa wiki nyingi.

Maelezo mengi ya utunzaji wa kwato yameandikwa kwa ajili ya farasi. Kwetu farasi ni wachache, sababu mojawapo ikiwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ambao huua farasi wengi huku punda wengi wakipona. Na mguu wa punda si mguu wa farasi mdogo. Ukwato wake ni mwembamba, umesimama wima zaidi, na hunyonya maji upesi. Mababu zake ni punda-mwitu wa nchi kame za Eritrea, Ethiopia na Somalia, ambao leo wamebaki wachache mno. Fundi anayempunguza punda visigino ili ukwato ulale kama wa farasi anamharibia mwendo. Kipimo ni hiki: mtazame kwa upande akiwa amesimama mahali tambarare. Mstari wa mbele ya ukwato ufuate mstari wa mfupa ulio juu yake, usivunjike kwenda mbele wala nyuma.

Adui mkubwa kuliko yote ni unyevu. Jua la Mwanga na mawe ya Mwanga havimdhuru punda kama linavyomdhuru boma lenye tope la samadi na mkojo, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei, na tena mvua za vuli zinaponyesha. Wafugaji wa milimani, Usangi na Ugweno, ambako mvua ni nyingi kuliko huku chini, waangalie zaidi. Ukuta wa ukwato ukishalowa siku nyingi hulegea. Mstari mweupe unaoshikanisha ukuta na wayo hufunguka, changarawe hupenya, vijidudu hufuata na kuula ukwato kwa ndani, ukiwa mzima kwa nje. Pale katikati ya wayo, kwenye kile kinundu laini chenye umbo la pembetatu, huanza kutoka uchafu mweusi wenye harufu ya kuoza. Harufu hiyo ukishaisikia mara moja hutaisahau. Kinga yake haina gharama: mtengee punda sehemu iliyoinuka ndani ya boma, umwage kokoto au mchanga mahali anaposimama, na uondoe samadi kabla haijawa tope. Kumlaza na ng'ombe kwenye matope ni kuyaharibu makusudi yale ambayo maumbile yamempa.

Kumkagua ni kazi ya dakika chache. Simama kando ya bega lake ukiangalia mkia, mpapase kuanzia begani ukishuka, halafu ukunje mguu chini ya tumbo lake. Usiuvute kwa nje. Viungo vya punda ni vyembamba na atapambana nawe kwa sababu unamuumiza. Safisha kwa kijiti kigumu au bisibisi butu, ukitoka kisigino kuelekea ncha. Bonyeza kwa kidole gumba, nusa, tafuta jiwe, mwiba, msumari. Gusa pia ukuta wa ukwato: ukiwa na joto kuliko wa miguu mingine, kuna jambo ndani.

Kupunguza ni kila baada ya wiki 6 hadi 10 kwa punda asiyetembea sana. Kazi hii hufanywa kwa kisu cha kwato na tupa, na anayeanza ajifunze kwa mtaalamu. Panga juu ya gogo, kama inavyofanyika mahali pengi, hupasua ukuta na wakati mwingine hufika kwenye nyama. Kwato zilizoachwa hadi zikajikunja zirudishwe polepole, kidogo kila baada ya wiki kadhaa. Viatu vya chuma vya nini kwa punda wa Mwanga? Sioni haja yake.

Chakula nacho kina nafasi yake. Nyasi kavu na mabua vinamtosha punda kwa sehemu kubwa. Pumba nyingi, au mahindi aliyoyavamia ghalani baada ya mavuno, huweza kuwasha moto katika tishu laini zinazoushikilia mfupa ndani ya ukwato. Punda wa namna hiyo huegemea nyuma kukwepa ncha za kwato, hulala mara kwa mara, na mapigo ya damu juu ya ukwato huwa na nguvu isiyo ya kawaida. Mfupa huweza kuinama na hata kutoboa wayo. Huyo ni mgonjwa wa kuitiwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akiacha kula, hatari imeongezeka.

Tena kuna mzigo. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na punda wetu wengi wana kilo zisizozidi 150. Theluthi ya uzito wake, kama kilo 50, ndiyo kadiri ya kumbebesha mgongoni. Ukwato uliopasuka hauponi ukiendelea kubanwa kwa madumu manne kila asubuhi.

Mwisho, oili chafu ya gari. Inapakwa sana na haitibu; huziba uchafu na vijidudu ndani ya ufa, tena ni sumu. Mrututu unafaa kwa kwato zilizooza, lakini kwa kipimo cha mtaalamu, maana ukizidi huchoma nyama hai. Na ukikuta msumari umezama, usiuchomoe kabla ya kuweka alama mahali ulipoingia, ili daktari ajue pa kufungua. Mweleze afisa mifugo wa kata mapema na uulize juu ya kinga ya pepopunda: punda na farasi hushambuliwa na ugonjwa huo kwa urahisi kuliko mifugo mingine, na kitobo kidogo kilichojifunga juu ya uchafu ndicho mlango wake.