Chura wa Sumu, Sanduku la Kioo na Mto Malaba

Miongoni mwa wanyama wanaofugwa kwa mapenzi tu, bila kutarajiwa yai wala nyama, vyura wadogo wenye rangi kali kutoka misitu ya Amerika ya Kati na Kusini ndio wanaohukumiwa mapema zaidi. Sifa yao ilitoka kwa jamii ya Emberá wa Kolombia, ambao walisugua ncha za mishale yao ya kupuliza kwenye migongo ya aina chache za vyura hao, hasa yule wa manjano ambaye wataalamu humwita Phyllobates terribilis. Kundi zima lina aina takribani 200, wengi wakiwa na urefu wa sentimita 2 hadi 5, na wapo wa buluu, wa kijani kibichi chenye mabaka meusi na wekundu kama pilipili. Ulaya na Marekani hufugwa na watu wengi ndani ya masanduku ya kioo. Mtu wa Amagoro, Malaba au Busia, huku kwetu kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, akiona picha zao, swali lake la kwanza huwa ni kama mnyama huyo hatamuua mwenye nyumba. Swali hilo ni la haki, ila limeelekezwa upande usio na hatari. Chura aliyezaliwa ndani ya kioo hana la kumfanya binadamu. Wa kuchungwa ni mfugaji mwenyewe, kwa yale anayoyaingiza nchini na yale anayoyamwaga nje ya mlango wake.

Tuanze na sumu, kwa kuwa hapo ndipo ushahidi umekomaa. Mkemia John Daly wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kemikali zilizo kwenye ngozi za vyura hawa, zile ziitwazo alkaloidi. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba chura huzitengeneza mwenyewe. Wafugaji ndio walioleta fumbo: vizazi vilivyozaliwa na kukulia ndani ya kioo, vikilishwa nyenje na nzi wa matunda, vilipopimwa havikuwa na alkaloidi kabisa. Daly na wenzake wakawapa vyura wa namna hiyo nzi waliopakwa alkaloidi, na baada ya muda kemikali zile zile zikaonekana ngozini. Jawabu likawa wazi: chura huikusanya sumu kutoka kwa sisimizi, utitiri wa udongoni, mbawakawa wadogo na jongoo anaowala msituni, kisha huihifadhi kwenye tezi za ngozi bila yeye kudhurika. Mfano unaonivutia kuliko yote uko Hawaii. Mwaka 1932 vyura wa kijani na weusi walichukuliwa Panama na kuachiliwa kisiwani Oahu ili wapunguze mbu. Miongo kadhaa baadaye walipimwa, na alkaloidi zao zikaonekana kuwa tofauti na za ndugu zao waliobaki Panama, kwa kuwa wadudu wa Hawaii si wale wa Panama. Damu ni ile ile, chakula ndicho kilichobadilika, na sumu ikakifuata chakula.

Hapo kuna jambo ambalo msomaji wa Amagoro anaweza kulipima kwa macho yake. Yule chura mkubwa wa kahawia mwenye ngozi ya vipele, anayetokea uani jioni na kukaa chini ya taa akisubiri wadudu, ana vivimbe viwili virefu nyuma ya macho. Hivyo ndivyo vifuko vyake vya sumu, na sumu hiyo huitengeneza mwenyewe mwilini. Mbwa akimng'ata hutokwa na povu mdomoni na huweza kuugua vibaya. Mfugie ndani, mlishe nzi wa ndizi peke yake, bado ataendelea kuwa na sumu. Kwa hiyo chura wa uani, ambaye watoto humrukia kila siku, ana sumu kuliko yule maarufu wa rangi aliyezaliwa ndani ya kioo, na hata yeye hamdhuru mtu anayenawa mikono baada ya kumgusa. Tahadhari moja inabaki: chura wa rangi aliyekamatwa msituni huweza kubaki na sumu yake kwa miaka kadhaa baada ya kukamatwa. Anayenunua mnyama asiye na historia ya kuzaliwa kwenye ufugaji anajinunulia hatari hiyo pamoja na kosa la kisheria.

Ufugaji wenyewe ni kazi ya kutengeneza kipande cha sakafu ya msitu na kukilinda kisibadilike. Chini ya sanduku huwekwa kokoto ili maji ya ziada yashuke, juu yake udongo mwepesi usio na mbolea wala dawa, kisha tabaka nene la majani makavu. Majani hayo ndiyo maficho ya chura, na ndani yake huzaliana vijidudu vyeupe vya udongoni ambavyo chura mchanga huvidokoa mchana kutwa. Joto linalowafaa wengi ni kati ya nyuzi 22 na 26 za selsiasi, na hewa iwe na unyevu mwingi, asilimia 80 au zaidi. Chura hanywi kwa mdomo. Maji huingia kupitia ngozi, hasa ile laini ya tumboni. Ndiyo maana maji ya bomba yenye klorini, sabuni iliyobaki kwenye chombo au mkono wenye mafuta ya kujipaka humdhuru upesi. Chakula ni nzi wa matunda wasioruka, wanaokuzwa kwenye mtungi wenye ndizi iliyopondwa na kufunikwa kwa kitambaa, na kabla ya kulishwa hunyunyiziwa unga wa kalsiamu na vitamini. Bila unga huo mifupa hulegea, na viluwiluwi huweza kugeuka kuwa vyura wenye miguu ya mbele miembamba isiyoweza kubeba mwili. Malezi ya aina nyingi nayo yanastaajabisha: mzazi huwabeba viluwiluwi mgongoni, mmoja au wachache kwa wakati, na kuwapeleka kwenye vidimbwi vilivyo katikati ya majani ya mimea. Katika baadhi ya aina jike hurudi mara kwa mara kuwatagia mayai yasiyorutubishwa ili wale.

Kwa hesabu ya gharama, Amagoro haiko nyuma. Ndizi zipo na majani makavu yapo. Usiku wenye ubaridi wa kiasi unaotoka upande wa mlima Elgon ungewafaa vyura hao kuliko joto la Mombasa, ingawa mchana wa kiangazi sanduku lingehitaji kivuli. Hoja kwamba ufugaji huu ni wa matajiri pekee, basi, haina nguvu sana. Hoja iliyo nzito ni nyingine, nayo inahusu ugonjwa.

Mwaka 1999 wanasayansi walieleza kwa mara ya kwanza kuvu inayoshambulia ngozi za vyura na kuwafanya washindwe kuratibu maji na chumvi mwilini mpaka moyo unasimama. Waliitenga kutoka kwa chura wa buluu wa kundi hili hili, aliyekufa katika bustani ya taifa ya wanyama mjini Washington. Tathmini kubwa iliyochapishwa mwaka 2019 iliihusisha kuvu hiyo na kupungua kwa aina 501 za amfibia duniani, na aina 90 kati ya hizo zinadhaniwa kutoweka kabisa. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2018 ulifuatilia asili yake hadi Asia ya Mashariki na kuonyesha kwamba ilisambaa katika karne ya 20, wakati biashara ya amfibia hai kwa ajili ya maabara, chakula na ufugaji wa nyumbani ilipopanuka. Mbegu za kuvu hii huogelea majini. Hazihitaji chura atoroke. Ndoo ya maji machafu ya sanduku inatosha.

Afrika Mashariki tayari imelipa. Kwenye korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo wa manjano asiyezidi sentimita 3, anayezaa vitoto kamili badala ya kutaga mayai. Aliishi kwenye eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme la megawati 180 lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ikaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Desemba 2000 vyura 499 walichukuliwa kupelekwa Marekani. Huku nyuma mabomba ya kunyunyizia yakafungwa korongoni na vyura wakaanza kurudi, kisha mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ghafla na kuvu ile ikapatikana kwenye mizoga. Mwaka 2009 aina hiyo ilitangazwa kuwa imetoweka porini. Waliosalia walikuwa kwenye masanduku ya kioo katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 vyura 100 wakarejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kundi la kwanza likaachiliwa tena Kihansi.

Mtetezi wa ufugaji atasema kwamba kisa hiki kinamuunga mkono: bila sanduku la kioo, chura wa Kihansi asingekuwapo. Ni kweli, na haipaswi kufichwa. Ila tazama kilichotokea ndani ya masanduku hayo. Mikononi mwa madaktari wa wanyama na walezi waliobobea, wale 499 walipungua hadi chini ya 100 katika miaka ya mwanzo. Walisumbuliwa na minyoo ya mapafu na upungufu wa lishe, mpaka walezi walipojifunza chakula na mwanga unaowafaa. Kilichowaokoa ni kumbukumbu za kila mnyama, vyumba vilivyotengwa, viatu na vifaa visivyotoka chumba kimoja kwenda kingine, na uchunguzi wa kila mzoga. Nidhamu hiyo ndiyo inayostahili kuigwa na mfugaji wa nyumbani. Mapenzi bila nidhamu hayakutosha Bronx, na hayatatosha Malaba.

Wapo pia wanaouliza faida ya tahadhari hizi iko wapi wakati kuvu yenyewe imeshafika, kwa maana utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba imeenea Kenya. Swali hili linahitaji jibu la makini. Kuvu hii ina nasaba kadhaa zenye ukali tofauti, na nasaba mbili zikikutana huweza kuchanganya vinasaba. Vyura wanaoivumilia moja si lazima waivumilie nyingine. Isitoshe, kuna virusi vya amfibia na vimelea wengine wanaosafiri kwa njia hiyo hiyo. Wengine hutegemea joto la Busia, kwa kuwa kuvu hukua vizuri kati ya nyuzi 17 na 25 na hudhoofika joto likikaribia 30. Lakini maji yaliyo chini ya kivuli cha mafunjo hayana joto la barabarani, na usiku hupoa. Mto Malaba nao hautoi nafasi ya makosa ya kienyeji: unashuka kutoka Elgon, unapita mpakani, kisha unaingia Uganda na kuelekea mabwawa ya Mpologoma na ziwa Kyoga. Kinachomwagwa kwenye mtaro wa upande wa Kenya kinaweza kuwafikia vyura wa nchi mbili, na hakuna kituo cha pamoja cha forodha kinachokagua maji ya mto.

Kuhusu sheria, njia si nyingi. Wengi wa vyura wa mishale wamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu miaka ya 1980, hivyo hawavuki mpaka wowote bila hati. Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamfanya hata chura wa kinamasi cha kwetu kuwa mnyamapori, na wa kuulizwa kuhusu kibali ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mimi naona kwamba chura wa kigeni hana sababu ya kuletwa Amagoro kwa sasa, kwa kuwa eneo la mpaka lenye malori usiku na mchana ni gumu kulisimamia, na daktari wa amfibia wa kumtibu hayupo jirani. Wanaosema kwamba kununua wanyama waliozalishwa kihalali hupunguza ujangili wana hoja nzuri. Kolombia yenyewe ina shamba liitwalo Tesoros de Colombia linalozalisha vyura hao kwa kusudi hilo. Hoja hiyo inajibu suala la misitu ya Kolombia. Suala la kinamasi cha Sio-Siteko, cha hapa Busia, haijaligusa.

Shauku, hata hivyo, haina haja ya kuzimwa, kwa sababu vyura wa matete walioko kwenye vinamasi vya Busia wana rangi za kushindana na wowote, na madume wao huimba usiku kucha baada ya mvua. Shule yenye dimbwi dogo lisilo na samaki, lenye matete ukingoni na majani yaliyooza chini, itawapata wenyewe bila kukamata hata mmoja. Wanafunzi wataona viluwiluwi wakiota miguu na kupoteza mkia palepale walipozaliwa. Dimbwi hilo lisitiliwe maji wala mimea kutoka kinamasi cha mbali, na buti zilizoingia kinamasi kimoja zisuguliwe na kukaushwa juani kabla ya kuingia kingine. Na kwa yule ambaye tayari ana sanduku nyumbani, awe Nairobi, Kampala au ng'ambo: maji yote yanayotoka humo yachanganywe na dawa ya klorini kama jiki na kuachwa kwa saa kadhaa kabla ya kumwagwa, udongo wa zamani uchemshwe au uchomwe, na mzoga usitupwe mtaroni.