Freni mpya mu gari ya zamani: pedali inapotea juu ya nini?

Wandugu, mimi ni wa agronomia, si wa mekanika. Lakini agronome asiyejua gari yake atalala njiani, na mimi nimekwisha kulala. Wengi kati yetu tunashuka tereni na ma Land Cruiser ya miaka ya 70 yenye ilibadilishwa freni, kwa hiyo muvumilie leo nitoke kidogo mu mashamba.

Gari yetu ilikuwa na tamburi ku magurudumu yote ine. Garaje moja ya mujini ikatutilia disiki mbele. Mu mujini ilisimama vizuri kabisa. Siku moja tunashuka Ngomo kuelekea Kamanyola, nyuma tumejaza miti ya muhogo ya kupanda. Pedali ikaanza kuwa laini, kisha ikaenda mpaka chini. Hakuna kitu! Shofere akarudisha vitesi ya pili, halafu ya kwanza, akaegemeza gari ku ukingo wa mlima. Tukaweka mawe mbele ya matairi. Kisha nusu saa, pedali ikawa imerudi juu, ngumu kama kawaida. Shofere akasema: « Mungu ni mkubwa, twende. » Nikakataa.

Pedali yenye kupotea wakati freni iko moto na kurudi wakati imepoa, ile ni alama ya mafuta ya freni kuchemka. Mafuta haibanike, lakini mvuke unabanika: mguu unabana mvuke tu, disiki haisikii kitu. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka mbele ya 205°C, DOT 4 mbele ya 230°C. Lakini inanyonya maji ya hewa polepole, na ile DOT 3 yenye imeshanyonya inaweza kuchemka ku 140°C tu. Kuendelea na mafuta yenye imeshachemka ni kucheza na maisha.

Sasa, moto ilitoka wapi? Ngomo peke yake inatosha kupasha freni, lakini tulipopandisha gurudumu ya mbele na jeki, bila mtu ku pedali, ilizunguka kwa nguvu. Freni ilikuwa inashika yenyewe. Tukafungua vise ya purje: mafuta ikaruka, gurudumu ikawa huru. Basi plaketi haikukwama. Kuna presha imefungiwa. Tukafunga, tukakanyaga tena, safari hii tukalegeza ule mrija pale unatoka ku metresilindri. Gurudumu ikawa huru tena. (Kama ingebaki imeshika, ningesema flegzibli imevimba ndani.) Ikabaki metresilindri. Mara ya tatu tukalegeza bulo zake ili isogee mbali na fimbo ya pedali, gurudumu ikabaki imeshika. Fimbo haina kosa.

Kosa njo lile: metresilindri ya tamburi iko na kavalvu kadogo kenye kubakisha presha kidogo, karibu bari 0,7, ili garnitire zisirudi mbali. Kwa tamburi ni sawa. Lakini disiki haina risori ya kurudisha plaketi, kwa hiyo ile presha kidogo inaisugua saa yote. Garaje ilibadilisha freni, ikaacha metresilindri ya zamani. Kavalvu kanatoka upande wa disiki, kanabaki upande wa tamburi.

Kama pedali yako iko ndefu tangu siku ya kwanza, hata ikiwa baridi, usitafute huko. Angalia kwanza vise za purje: zikiwa chini ya etriye, walizigeuza, ya kuume iko kushoto, na hewa haitatoka hata upurje siku nzima. Au pistoni za etriye ni kubwa kuliko kile metresilindri inaweza kusukuma. Pedali inashuka polepole chini ya mguu na hakuna mafuta inavuja? Kaucu za metresilindri zimekwisha. Na tafadhali, lwile ya motere isiingie mule: inavimbisha kaucu zote.

Sasa tunasimama Nyangezi mbele ya kushuka, nasogeza kiganja karibu na kila rimu. Moja ikiwa na moto kupita mwenzake, jeki inatoka.