Mpanda Ngazi Hushuka: Rekodi Tano za Moshi

Moshi wa viwanda vya Thika na Ruiru haupotelei angani. Chembe zake hutua zenyewe kama vumbi, au huteremshwa na mvua, au na theluji kwenye nchi za baridi.

Mvua chafu kuliko zote za mwaka: ya kwanza. Kiangazi cha Januari hadi Machi, masizi ya viwanda, ya magari na ya mtambo wa umeme wa megawati 87 unaochoma mafuta mazito Thika hulala juu ya mabati. Masika yakiingia, yote husombwa hadi kwenye tangi. Mwenye kukinga maji huacha yale ya mwanzo yamwagike.

Mvua kali kupindukia: pH 2.4. Mvua safi huwa na pH ya karibu 5.6. Tarehe 10 Aprili 1974, Pitlochry, mji mdogo wa milimani Scotland, ulinyeshewa maji yenye asidi inayokaribia ya siki. Moshi ulioleta asidi hiyo ulikuwa umetoka mbali.

Bomba refu kuliko yote: karibu mita 420. Liko Ekibastuz, Kazakhstan, urefu wa majengo manne ya KICC ya Nairobi yakipandanishwa. Urefu haupunguzi uchafu, huupeleka tu kwa mwingine. Hapa kwetu upepo huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo moshi wa Thika huelekea Gatundu na miinuko ya Aberdare, yaliko mashamba ya chai na vyanzo vya maji ya Nairobi.

Nchi ya mwisho kuacha petroli yenye risasi: Algeria, Julai 2021. Kenya iliacha 2006. Lakini risasi haiozi: iliyotua kando ya barabara kuu hubaki udongoni miongo kadhaa. Anayelima sukuma wiki ukingoni mwa barabara ya zamani akumbuke hilo.

Safari fupi kuliko zote: kutoka bombani hadi kwa jirani. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipakana na nyumba za watu, wakadhurika kwa risasi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 waliyopewa 2020. Ruiru nayo, yenye zaidi ya watu 370,000 katika sensa ya 2019, inazidi kujengwa kuelekea kuta za viwanda. Mnunuzi wa ploti asiishie kukagua hatimiliki. Aulize pia upepo unatoka wapi.