Anayebeba wengine, nani anambeba yeye?

Mwaka 1995 ugonjwa wa Ebola uliingia katika mji wa Kikwit. Watu 315 waligonjwa, na karibu 80 kati yao walikuwa wa kazi ya hospitali. Watu wa Croix-Rouge walijitolea kuzika maiti ambazo wengi waliogopa hata kukaribia. Sisi wa migodi tunajua kazi kama hiyo. Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliangukia wachimbaji karibu na Kolwezi, na zaidi ya 40 wakakufa. Kuko watu waliowatoa mule chini.

Tunawashukuru. Lakini wakirudi nyumbani, nini inabaki moyoni mwao?

Alama zake

Usingizi unapotea. Anaota yale aliyoona. Harufu moja tu, na moyo unapiga mbio. Anakasirikia watoto bila sababu, anakaa kimya, ao anakimbilia pombe. Kwa wengi mambo haya yanapunguka kidogo kidogo. Kama yanapita mwezi moja, ao kama anasema habari ya kujiua, mpelekeni kwa munganga bila kukawia.

Si dhambi

Kanisani wengine wanamwambia: «Jikaze, uko mtu wa maombi!» Ndugu, tusome 1 Wafalme 19. Eliya, nabii mkubwa, alichoka mpaka akaomba kufa. Mungu hakumgombeza. Alimwacha alale, akamtumia mkate na maji mara mbili. Kisha akamsikiliza, akampa kazi tena, pamoja na Elisha wa kutembea naye. Angalieni: usingizi na chakula vilikuja mbele ya mahubiri.

Tufanye nini?

1. Wakubwa wa kazi wapange zamu ya kupumzika mapema, wasingoje mtu aanguke. Yesu pia aliita wanafunzi wake kupumzika (Marko 6:31).

2. Msaidizi asiende peke yake. Waende wawili wawili, na jioni waulizane: «Leo uko namna gani?»

3. Nyumbani, mumpe maji ya kuoga, chakula na kimya kidogo. Akitaka kusema, msikilize. Asipotaka, usimlazimishe. Zamani wakubwa wa misaada walikusanya watu mara moja kisha hatari, ili kila mtu aeleze yote. Uchunguzi ulionyesha kwamba mkutano moja wa namna hiyo hauzuii ugonjwa wa moyo, na unaweza kuzidisha maumivu. Afadhali rafiki anayerudi tena na tena.

4. Kanisa lisimpigie makofi siku ya Mungu, kisha limsahau siku ya kwanza. Wamama wapeleke bukari, vijana wachote maji, mzee apite kusalimia, hata miezi mitatu nyuma.

Musa alishika fimbo ya Mungu, lakini mikono yake ilichoka. Haruni na Huri waliisimamisha mpaka jua likashuka (Kutoka 17). Kwenye avenue yenu, nani anasaidia wengine kila siku? Juma hili, enda kubisha mlango wake.