"Kiasi" cha Bibi ni Gramu Ngapi?

Loweka mchele usiku kucha, saga kwa tui, tia sukari kiasi na hamira kidogo, ngoja uumuke, mimina. Hayo ndiyo maelekezo ya mkate wa kumimina yaliyobaki katika familia nyingi za Pwani na Visiwani baada ya bibi kuondoka. Mjukuu huyafuata neno kwa neno, kisha akaipua kitu kizito, kimelala kama sabuni ya mche. Hapo hujilaumu kwamba hakurithi mkono wa bibi. Aanze kwa kuutazama mchele.

Unga wa ngano una gluteni, utando unaonyumbuka na kuizuia hewa ya hamira isitoroke. Mchele hauna. Mapovu ya mkate huu hushikwa na uzito wa rojo lenyewe, yakisaidiwa na ute wa yai ukitiwa. Rojo likiwa jepesi, mapovu hupanda yakapasuka. Likiwa zito mno, hukosa nafasi ya kutanuka. Ndiyo maana kosa dogo la maji huuharibu mkate mzima.

Na maji hayo hayana kipimo kimoja. Mchele uliokaa sana ghalani hunywa maji mengi kuliko wa mavuno mapya. Unga wa mchele uliosagwa mkavu hunywa zaidi ya mchele uliolowekwa. Tui la nazi iliyokunwa kwa mbuzi hutofautiana na la kopo kwa uzito na mafuta. Bibi hakuhitaji kikombe: aliinua upawa, akatazama rojo linavyodondoka, akaongeza tui au akaacha.

Jambo la pili ni joto. Hamira ni viumbe hai. Saa moja ya kuumua Mombasa wakati wa kaskazi haitoshi katika jiko la London wakati wa baridi. Usitazame saa, tazama rojo limepanda kiasi gani na kama limejaa mapovu. Ukiharakisha kwa tui la moto sana, utaiua hamira.

Tatu ni moto. Bibi aliweka makaa chini ya sufuria na mengine juu ya kifuniko. Jiko la gesi huunguza chini na kuacha juu kweupe. Tumia ovena, au maliza kwa moto wa juu.

Niliwahi kukaa jikoni na mama mmoja mtu mzima aliyeniambia hutia sukari "konzi mbili tu, mwanangu". Nikaweka bakuli la sukari juu ya mzani, nikamwacha achote kama kawaida yake. Alichota mara tatu, na ile ya tatu hakuihesabu. "Hiyo ya kuonjea," akasema.

Kama mpishi wenu ameshatangulia, tafuta kikombe na sufuria alivyotumia, uvijaze maji na kuyapima. Kila ukipika, badilisha kitu kimoja tu, uandike. Mpe aonje mtu aliyekula kwake, na usimuulize kama mkate ni mtamu, maana atakuonea haya. Muulize umepungukiwa na nini.

Kama yu hai, usimpigie simu kumwomba maelekezo. Nenda na mzani, kaa naye jikoni, upime kabla mkono wake haujagusa bakuli na baada ya kugusa.