Tabaka la Mpakani: Istilahi za Mtiririko wa Hewa juu ya Bamba Bapa

Istilahi ya sayansi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, wala kwa wepesi wa kuipata katika kamusi. Hupimwa kazini. Neno likisimama peke yake katika orodha laweza kuonekana halina kasoro, lakini mwalimu anapolitia katika hesabu mbele ya wanafunzi, ndipo udhaifu wake unapojitokeza. Makala haya yanachukua mada moja ya fizikia na uhandisi, yaani mtiririko wa hewa juu ya bamba bapa, na kuifuata tangu maelezo yake ya awali hadi jibu lake la tarakimu. Nia yetu ni kuona maneno gani ya Kiswahili yanastahimili safari hiyo na yapi yanaanguka njiani.

Mfano tutakaoutumia ni jani la pamba katika shamba la Bariadi. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao yake makuu yakiwa Bariadi, ni miongoni mwa mikoa inayolima pamba kwa wingi nchini Tanzania. Upepo upitao juu ya jani huchangia kuamua jinsi jani linavyopoa juani na jinsi linavyopoteza maji. Mtaalamu wa kilimo anayetaka kulieleza jambo hilo, au mfasiri anayekalimani kitabu chake, hawezi kulikwepa tabaka jembamba la hewa lililolala juu ya jani. Hapana budi alipe jina.

Jambo lenyewe

Hewa inayogusa kitu kigumu haitelezi juu yake, bali husimama pamoja nacho. Ushahidi tunauona kila siku: mapanga ya feni huzunguka kwa kasi kubwa na bado hukusanya vumbi, na majani yaliyo kando ya barabara wakati wa kiangazi hubaki na vumbi lake ijapokuwa upepo unavuma. Hewa iliyo juu kidogo ya ile iliyosimama husogea polepole, ya juu yake husogea zaidi, na kadhalika, mpaka tufike mahali ambapo hewa inakwenda kwa kasi kamili ya upepo. Sehemu hiyo yote, tangu kasi ya sifuri hadi kasi kamili, ndiyo inayohitaji jina.

Aliyeitambua kuwa sehemu ya pekee ni mhandisi wa Kijerumani, Ludwig Prandtl, katika hotuba aliyoitoa Heidelberg mwaka 1904. Alionyesha kwamba hata ugiligili wenye mnato mdogo sana, kama vile hewa au maji, hauwezi kuhesabiwa kuwa hauna mnato pale unapogusana na kitu kigumu. Mbali na kitu hicho mnato waweza kupuuzwa. Karibu nacho hauwezi. Mwanafunzi wake, Heinrich Blasius, alitoa mwaka 1908 suluhisho kamili la mfano ulio mwepesi kuliko yote: bamba bapa, jembamba, lililolazwa sambamba na mkondo.

Inafaa watunga istilahi wakumbuke kwamba hata katika lugha ya Kijerumani jina halikukaa mara moja. Prandtl mwenyewe mwanzoni alipendelea jina lenye maana ya tabaka la mpito. Blasius alipoweka katika anwani ya makala yake jina lenye maana ya tabaka la mpaka, hilo ndilo lililoenea, na lugha nyingine zikalifuata.

Uteuzi wa jina

Njia iliyo wazi ni kufasiri neno kwa neno na kupata "tabaka mpaka". Lakini katika Kiswahili "mpaka" ni nomino na pia ni kiunganishi chenye maana ya hadi. Tuandike sentensi ya kawaida ya somo hili: "Kasi huongezeka katika tabaka mpaka ukingoni." Je, msomaji ataambiwaje kwamba hapa hatutaji istilahi? Jina lisilo na kiungo linaangushwa na sentensi ya kwanza tu.

"Tabaka la mpaka" linaondoa utata huo, lakini linaleta mwingine. Laweza kueleweka kuwa tabaka ambalo lenyewe ndilo mpaka, kama ukuta utenganishao viwanja viwili. Mwanafunzi akishashika fikra hiyo ataanza kuutafuta mpaka upande wa juu, ambako tabaka linaishia, ilhali mpaka unaokusudiwa ni uso wa bamba. Upande wa juu hauna mpaka wowote wa kweli, kwa sababu kasi hukaribia ile ya upepo kidogo kidogo bila kituo.

Wengine wangependa "utando", kwa kulinganisha na ule unaofanyika juu ya uji unaopoa. Neno ni la kwetu na linapendeza, lakini utando ni kitu kilichojitenga na kilicho chini yake. Tabaka tunalolizungumzia ni hewa ile ile. Chembe za hewa huingia humo na kuendelea na safari.

Tunapendekeza "tabaka la mpakani". Kiambishi "-ni" kinaonyesha mahali: ni tabaka lililopo penye mpaka, si tabaka lililo mpaka. Upande wa juu tutauita "ukingo wa tabaka", tukifahamu kwamba ukingo huo umewekwa kwa makubaliano tu, yaani pale kasi inapofikia asilimia 99 ya kasi ya upepo.

Sasa aina ya mtiririko. Mwaka 1883 Osborne Reynolds alionyesha huko Manchester, kwa kutia rangi katika maji yapitayo ndani ya bomba la kioo, kwamba maji hutiririka kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza uzi wa rangi hubaki umenyooka. Katika ya pili hutawanyika na kuchanganyika. Namna ya kwanza ikiitwa "mtiririko wa tabaka", tutalazimika kusema "tabaka la mpakani la mtiririko wa tabaka", na neno moja litakuwa limebeba mizigo miwili. "Mtiririko mwanana" unavutia, kwa kuwa twasema upepo mwanana, lakini humfanya msomaji adhani ni suala la upole wa kasi peke yake. "Mtiririko mtulivu" utagongana na mtiririko usiobadilika kwa wakati, ambao ni dhana nyingine kabisa.

Tunapendekeza "mtiririko wa safu". Chembe husafiri kama watu waliopangwa safu safu katika gwaride. Safu moja yaweza kuipita nyingine, lakini hakuna anayeihama yake. Kinyume chake kitakuwa "mtiririko wa msukosuko".

Maneno katika hesabu

Tuuite umbali kutoka ncha ya mbele ya bamba x, urefu kutoka uso wa bamba y, na kasi ya upepo U. Herufi ya Kigiriki ν itasimama badala ya mnato uliogawanywa kwa densiti. Herufi hizi ni za kimataifa na hakuna faida ya kuzibadili.

Blasius aligundua kwamba mchoro wa kasi ni wa umbo moja kila mahali juu ya bamba. Kinachobadilika ni kipimo chake tu, kama pembetatu zinazofanana ambazo mwalimu wa shule ya msingi huzichora ubaoni. Kwa hiyo badala ya kushughulika na x na y mbali mbali, alitumia kipimo kimoja, η, ambacho ni y mara kipeuo cha pili cha U/(νx). Neno "mfanano", ambalo wanafunzi wanalijua kutoka jometri, latosha hapa: hili ni "suluhisho la mfanano".

Kwa kipimo hicho tatizo zima linakuwa mlinganyo mmoja:

f‴ + ½ f f″ = 0

Hapa f′ ni kasi ya hewa ikigawanywa kwa U, na kila alama ya mkato inaonyesha kiwango cha kubadilika kwa kilichotangulia. Masharti ni matatu. Usoni mwa bamba f = 0, kwa kuwa hewa haipenyi bamba; hapo hapo f′ = 0, kwa kuwa hewa haitelezi; na mbali sana na bamba f′ = 1. Haya yangeweza kuitwa "masharti ya mpaka", lakini msomaji ataona kwamba sharti la tatu haliko mpakani hata kidogo. Afadhali tuseme "masharti ya kingo", na sharti la pili tuliite "sharti la kutoteleza".

Ugumu ni kwamba anayekokotoa kwa hatua, akianzia usoni mwa bamba, anahitaji thamani tatu za kuanzia, naye anazo mbili tu. Ya tatu, f″, haijulikani. Basi hukisia, huenda mbali, na huangalia amefika wapi. Akianza na 0.3, f′ itaishia kwenye 0.93, pungufu ya 1. Akianza na 0.4 itaishia kwenye 1.13, imezidi. Jibu limo katikati, nalo ni 0.332. Ni kazi ya mwinda na upinde: mshale wa kwanza chini, wa pili juu, wa tatu penyewe. Jina "njia ya shabaha" linajieleza.

Mwaka 1912 Töpfer alionyesha kwamba kwa mlinganyo huu mshale mmoja unatosha. Anza na 1, na f′ itaishia kwenye 2.0854. Zidisha tarakimu hiyo kwa kipeuo chake cha pili, kisha gawanya 1 kwa matokeo, utapata 0.332 bila kukisia tena.

Thamani za f′ zinazopatikana ni hizi: η ikiwa 1, 0.330, ikiwa 2, 0.630, ikiwa 3, 0.846, ikiwa 4, 0.956, ikiwa 5, 0.992. Kwa hiyo ukingo wa tabaka uko karibu na η = 5, na unene wa tabaka ni 5 mara kipeuo cha pili cha νx/U.

Jani la pamba

Turudi shambani. Jani lina urefu wa sentimita 10 na upepo unakwenda mita 1 kwa sekunde. Katika mwinuko wa Bariadi, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani, ν ni kama 0.000018 ya mita ya mraba kwa sekunde. Namba ya Reynolds, yaani Ux/ν, ni kama 5,600. Juu ya bamba bapa mtiririko wa safu huweza kudumu hadi namba hiyo ikaribie 500,000. Basi hapa tumo salama ndani yake. Unene wa tabaka kwenye ncha ya nyuma ni kama milimita 6.7. Kwenye robo ya njia, sentimita 2.5 kutoka mbele, ni nusu ya huo. Upepo ukiongezeka mara nne, unene kwenye ncha ya nyuma nao hupungua kwa nusu.

Mvuke utokao katika vitundu vya jani hauna budi kulivuka tabaka hili kabla ya kuchukuliwa na upepo. Ndiyo maana jani pana hupumua kwa shida zaidi kuliko jani dogo katika upepo ule ule. Jani halisi si bamba kamili: limejipinda, lina vinyweleo, linatikisika, na upepo wa shambani huja kwa mikupuo. Kwa kawaida mambo hayo hulifanya tabaka kuwa jembamba kuliko hesabu inavyosema. Hesabu inatupa makadirio, na inatufundisha kipi kinategemea kipi.

Istilahi zinazopendekezwa

Ugiligili: kitu chochote kinachotiririka, kiwe kimiminika au gesi.
Mnato: ukinzani wa ugiligili dhidi ya safu zake kupitana.
Tabaka la mpakani: sehemu ya ugiligili karibu na uso wa kitu kigumu, ambamo kasi hupanda kutoka sifuri hadi ile ya mkondo.
Ukingo wa tabaka: mahali kasi inapofikia asilimia 99 ya ile ya mkondo.
Mtiririko wa safu: mtiririko ambao safu zake hazichanganyiki.
Mtiririko wa msukosuko: mtiririko wenye kuchanganyika ovyo.
Sharti la kutoteleza: kanuni kwamba ugiligili unaogusa kitu kigumu huwa na kasi ya kitu hicho.
Masharti ya kingo: thamani zinazojulikana mwanzoni na mwishoni mwa eneo la hesabu.
Suluhisho la mfano: lisitumike, lisomeke "suluhisho la mfanano".
Njia ya shabaha: kukisia thamani ya kuanzia na kuirekebisha hadi sharti la mbali litimie.

Haya ni mapendekezo. Mwalimu atakayeyatumia ubaoni, na mfasiri atakayeyatia katika kitabu, watajua kabla yetu ni lipi linalokwama. Tunaomba neno litakalokwama litajwe pamoja na sentensi lilimokwama, kwa kuwa sentensi hiyo ndiyo itakayotuonyesha la kufanya.